Bingwa kwa Jina la Marehemu

Mume wangu alikufa akiwa na umri wa miaka kumi, akazikwa Zanzibar, ubani ukafukizwa, na mama yake akalia mpaka sauti ikamkauka. Miaka kumi na miwili baadaye akawa bingwa wa Ufaransa wa mbio za makasia. Mitano baada ya hapo akanioa mimi, Nasim binti Salum, mfunga maboksi katika bohari moja la Edmonton, kaskazini mwa London. Najua mnavyoniangalia. Hata mimi niliposimuliwa mara ya kwanza nilimwangalia msimuliaji hivyo hivyo.

Naisimulia kwa sababu nimechoka kusikia kwamba Abdulwakil anaringa. Kwamba haji harusini, haji maulidini, akiona Wazanzibari watatu wamesimama pamoja anavuka barabara. Haringi. Angalau sasa mtajua, na mkitaka kumsema mtamsema kwa haki.

Tulifunga ndoa msikitini Jumapili moja ya mwaka 1982, watu kumi tu, na sheikh akamtaja kwa jina nililolijua kutoka kazini: Abdulwakil bin Hamadi. Jumanne tukaenda ofisi ya serikali kuandikisha. Nimekaa na mtandio wangu mpya, karani akatoka na karatasi, akaita, "Mister Soilihi Mbae?" Hakuna aliyeinuka. Nikadhani tumekaa foleni ya watu wengine. Karani akaita tena, na mume wangu wa siku mbili akasimama, akafunga kifungo cha koti, akasema, "Yes."

Mimi hasira zangu ziko karibu, sifichi. Nilitia saini kwa sababu mashahidi wetu wawili walikuwa wameomba ruhusa ya nusu siku kazini, nikaona haya kuwarudisha. Lakini tulipopanda basi la 149 kurudi, nilimwambia, "Haya, bwana. Niambie nimeolewa na nani, na uniambie kabla hatujafika Edmonton Green."

Akaniambia, huku anaangalia dirishani, bila kunigeukia hata mara moja.

Mama yake, Bi Hidaya, ana dada yake wa baba mmoja mama mmoja, Bi Zaituni. Bi Zaituni aliolewa na Mngazija, baharia wa meli za Kifaransa mwenye karatasi za Kifaransa. Bi Hidaya aliolewa na karani wa bandarini. Kila mmoja akazaa mtoto wa kiume mwaka ule ule, Soilihi kwa dada na Abdulwakil kwa mdogo, na watoto wakafanana hata mwalimu wa chuo cha Kurani akawa anamchapa huyu kwa kosa la yule. Yalipokuja Mapinduzi, watu walikuja asubuhi wakamchukua baba yake Abdulwakil, na hakurudi, wala hakuna aliyeambiwa amelala wapi. Mwaka uliofuata yule Mngazija akaandika kutoka Dunkirk, bandari ya kaskazini ya Ufaransa, kwamba mkewe na mwanawe wamfuate, karatasi zao ziko tayari. Wiki tatu kabla ya safari Soilihi akashikwa na homa. Siku nne tu, akafa.

Karatasi zilikuwa za watu wawili, mama na mtoto wa miaka kumi. Dada wawili wakaamua kabla maiti haijaoshwa. Aliyekufa akaandikwa Abdulwakil. Aliyekuwa hai akafichwa shamba kwa jamaa, akaambiwa kwamba tangu siku ile yeye ni Soilihi, na mama mkubwa ndiye mama yake. Bi Hidaya akakaa matanga ya mtoto aliye hai. Matanga yakaisha, Bi Zaituni akapanda meli na mtoto wa mdogo wake.

"Sasa wewe unaniambia nimeolewa na maiti?" nilimuuliza.

"Nnakwambia ukweli," akasema. "Na watoto wetu wataandikwa kwa jina la Mbae. Kama hutaki, bado siku mbili tu zimepita."

Nilihesabu vituo vinne vikipita. Halafu nikamwambia anunue mkate tukishuka, kwa sababu nyumbani hamna. Huko ndiko kulikuwa kukubali kwangu kwa pili.

Habari za makasia nilizipata baadaye, kidogo kidogo, kwa kumchokonoa. Dunkirk kuna mifereji, na kando ya mfereji mmoja palikuwa na klabu ya mbio za mashua. Mwalimu wa mazoezi shuleni kwake aliona mikono yake mirefu akampeleka huko akiwa na miaka kumi na minne. Wakampa mashua ya mtu mmoja, nyembamba kiasi kwamba ukipiga chafya umepinduka. Baridi ya kule haina adabu. Viganja vilichubuka, vikapona, vikachubuka tena, mpaka vikawa na ngozi ngumu ambayo bado anayo.

Na Bi Zaituni alikuwapo. Hakukosa mazoezi hata ya siku moja yaliyoangukia Jumapili. Alisimama ukingoni na buibui lake, juu yake koti la mvua la mumewe, chupa ya chai mkononi, akiita, "Soilihi! Soilihi!" Wazungu wakamzoea, wakawa wanamwachia nafasi. Mpiga makasia wa mbio hukaa ameupa mgongo mwisho wa safari, anaangalia anakotoka. Basi kila alipoondoka, mume wangu alimwona mama yake mkubwa pale ukingoni, akipungua, akiliita jina la mwanawe.

Mwaka 1977 akawa bingwa wa taifa zima. Mwaka 1978 akawa tena. Picha yake ikatoka gazetini, na chini yake jina: Soilihi Mbae.

Picha ile ndiyo iliyomponza. Machi 1979 alikuja London na kocha wake kwa mbio ndefu za mto Thames, zile ambazo mashua huachiwa moja baada ya moja kutoka Mortlake mpaka Putney, maji yakipwa, na kila mmoja hushindana na saa. Wachaguzi wa timu ya Olimpiki ya Ufaransa walikuwa wamekuja kumwangalia, wamesimama Putney. Asubuhi ya mbio, wakinywa chai hotelini, kocha akamwonyesha barua huku anacheka. Imetoka Marseille, haina saini. Mwandishi anasema ameona picha ya bingwa gazetini na anamjua. Mtoto yule anaitwa Abdulwakil, na yeye mwenyewe alihudhuria maziko yake.

Kocha aliona ni kichekesho kikubwa, bingwa wake ni mzuka. Akamwambia asijali. Ila akiingia timu ya taifa, ofisi italazimika kujibu barua ile, kwa hiyo watamwita mama yake, aape mbele ya hakimu kwamba huyu ndiye mwanawe, basi yaishe.

Mume wangu alishuka mtoni akiwa na miaka ishirini na minne, na nguvu ambazo hajawahi kuwa nazo kabla wala baada. Alipofika karibu na daraja la Hammersmith alikuwa ameshawapita wanne walioachiwa mbele yake. Chini ya daraja akainua makasia, akaacha. Akakaa tu. Mashua haikusimama, kwa sababu maji yalikuwa yanashuka, yakamchukua polepole mpaka Putney huku waliokuwa nyuma yake wanampita kushoto na kulia, wengine wakimtukana kwa kuziba njia. Kocha alipomuuliza, akasema mgongo. Asiyechaguliwa haulizwi karatasi. Na kwa kuwa akirudi Dunkirk angetakiwa arudi mashuani, hakurudi. Alibaki London, akatafuta kazi ya kubeba maboksi, na kwa mara ya kwanza tangu utoto wake alipoulizwa na wenzake kazini anaitwa nani, akasema Abdulwakil.

Mama yake mkubwa aliambiwa kwa simu kwamba ni mgongo. Mama yake mzazi hakuambiwa kitu.

Mwaka 1985 alinipeleka Dunkirk kumwamkia Bi Zaituni, ambaye alikuwa ameshafiwa na mumewe. Alinipokea vizuri, nisimsingizie. Aliniandalia wali wa nazi na papa, na alimbeba mwanangu siku nzima. Lakini ukutani kwake, sebuleni, palikuwa na picha ya yule Soilihi marehemu, wa miaka sita, amevaa kofia ya viua, macho makubwa, na chini ya picha zimetundikwa medali tatu za mume wangu na vipande vya magazeti vimetiwa kioo. Bi Zaituni akaniona nikiangalia. "Mwanangu huyo," akasema. "Bingwa." Akamgeukia mume wangu: "Soilihi, mletee mkeo maji." Naye akaenda.

Nilichemka. Tulipokuwa ndani ya meli tunarudi nikamuuliza mume wangu kwa nini haombi hata moja. Medali tatu! Yeye ndiye aliyezitokea jasho. Akaniambia, "Nasim, yule mama hana kaburi lenye jina la mwanawe. Ana ukuta." Sikukubali.

Sasa nifike kwenye mwaka 1996, maana hapo ndipo kilipoumana.

Bi Hidaya, mama mkwe wangu, alianza kupoteza macho. Daktari wa Zanzibar alimwambia ni presha ya macho, jicho moja limekwisha na la pili linafuata. Tukafanya mpango aje London aonwe. Lakini kwa karatasi, Abdulwakil alikuwa marehemu, na mwenyeji wake ni Soilihi, mtoto wa dada. Hivyo mama wa watu alisimama uwanja wa ndege wa Heathrow mbele ya ofisa na mkalimani, akaulizwa amekuja kwa nani, na kwa kinywa chake akasema, "Kwa mtoto wa dada yangu." Aliniambia maneno yale yalimkaa kooni mpaka tulipofika nyumbani.

Madaktari wa hapa wakasema walichosema wa kule. Miezi sita, pengine minane, na jicho la pili litazima. Wiki ile ile, mume wangu akiwa kazini, Bi Hidaya aliniita nikae karibu.

"Nasim, mwanangu. N'mesikia alikuwa bingwa. N'mesikia kwa watu wa Dunkirk waliokuja Unguja, wanamsifu mtoto wa Zaituni, na mimi naitikia, mashallah, mashallah. N'nataka nizione medali zake kwa jicho hili, kabla halijazima. Nizishike, niseme huyu ni wangu."

Usiku ule nilimwambia mume wangu. Akaweka kijiko chini. Akasema hawezi kumwomba Bi Zaituni avue ukuta wake. Nikamwambia, basi mama yako atapofuka hajaona kitu, na wewe utajua ni kwa sababu uliogopa kupiga simu. Akatoka nje akakaa bustanini, kwenye baridi. Nikaichukua simu nikapiga mwenyewe. Ndiyo, niliingilia. Ningeingilia tena.

Bi Zaituni alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Nakuja."

Alikuja kwa meli mpaka bandari ya Dover na kwa basi mpaka stesheni ya Victoria hapa London, umri wake miaka sabini na moja, begi dogo mkononi. Dada wawili hawakuwa wameonana kwa miaka thelathini na mmoja. Walikumbatiana mlangoni mpaka mtu wa posta akashindwa kupita. Wakalia, wakacheka, wakala, wakalala chumba kimoja. Siku mbili hakuna aliyezitaja medali. Siku ya tatu, baada ya swala ya alasiri, tumekaa wanne sebuleni, Bi Hidaya akasema, "Dada. Umekuja nazo?"

Bi Zaituni akatoa leso iliyofungwa fundo, akaifungua mapajani mwake. Medali tatu. Hakunyoosha mkono kumpa mwenzake.

"N'nataka za mwanangu, dada."

"Zimeandikwa jina nyuma. Zisome."

Yalikuwa maneno ya ukatili, kumwambia mtu anayepofuka asome. Nilifungua mdomo, mume wangu akaniangalia, nikaufunga.

"Nilikupa mtoto umfikishe salama," Bi Hidaya akasema. "Sikukupa ushindi wake ukae nao ukutani. Nimekaa Unguja miaka yote hii, naulizwa, una watoto, nasema nilikuwa naye mmoja, alikufa."

"Na mimi nilikupa maiti yangu!" Bi Zaituni akapaza sauti. "Ulikaa matanga ya mwanangu, Hidaya! Watu walikushika mkono wewe, wakakupa pole wewe. Mimi nilikuwa jikoni nawapikia, kwa kuwa dada wa mfiwa ndiye anayepika. Nakaanga vitunguu huku nalia, na anayeniuliza namwambia ni vitunguu. Mwanangu katolewa nyumbani kwa jina la mwanao, na mimi n'na mwiko mkononi!"

Nilijiona mpumbavu. Tangu Dunkirk nilikuwa nimemhukumu yule mama, na hata siku moja sikuwahi kujiuliza yeye alikuwa wapi siku ya maziko.

Bi Zaituni akajifuta uso kwa leso. Halafu akaichukua medali ya kwanza, akampa mdogo wake mkononi. "Hii ya vijana. Siku hiyo mvua ilinyesha, alikuwa na kikohozi, nikamkataza, akaenda." Akampa ya pili. "Hii ya sabini na saba. Alianza vibaya, akawa wa tano, nikafumba macho. Nilipofumbua alikuwa wa pili." Ya tatu. "Hii hakushindana na mtu. Aliwaacha mbali. Alipofika hakufurahi hata kidogo, akaniomba chai."

Bi Hidaya alizishika, akazisogeza karibu na lile jicho lake, akazipapasa nyuma na mbele. Alikaa nazo muda mrefu. Mwishowe akasema, "Mimi sijui ipi ni ipi, dada. Mimi sikuwapo. Zichukue."

"Hapana. Kaa nazo. Ni za mwanao."

"Zichukue, nimeshaziona."

"Hidaya, kaa nazo!"

Wakawa wanasukumiana, kama watu wanaolazimishana kipande cha mwisho cha nyama, mpaka medali moja ikaanguka kwenye zulia. Hapo ndipo mume wangu alipozungumza.

"Mnanigawa," akasema. "Mmekaa mnanigawa kama mirathi. Mimi niko hapa. Sijafa. Aliyevuta makasia ni mimi, si Soilihi, Mungu amrehemu, wala si nyinyi. Hakuna hata mmoja wenu aliyeniuliza nilitaka nini."

Wale dada wawili walimgeukia. Hawajawahi kumsikia akiinua sauti, na mimi pia.

Akawaambia habari za barua ya Marseille. Akawaambia habari za Hammersmith, jinsi alivyoinua makasia akaachia mto umchukue.

"Uliniambia mgongo," Bi Zaituni akasema polepole.

"Haukuwa mgongo. Wangekuita mbele ya hakimu uape, mama. Uape uongo kwa jina la Mungu. Wakigundua, wakufunge."

"Mimi ningeapa."

"Najua ungeapa. Ndiyo maana nikaacha."

Bi Zaituni akaiokota medali iliyoanguka kwenye zulia. Miaka kumi na saba alikuwa akiamini kwamba London ilimharibia mtoto, kwamba alifuata wasichana na starehe. Aliwahi kuniambia hivyo hata mimi, niliye mkewe, kwa dokezo.

"Siku ile ulikuwa umewapita wangapi?" akamuuliza.

"Wanne."

"Mpaka Hammersmith?"

"Mpaka Hammersmith."

Akahesabu kitu kichwani mwake, midomo ikicheza. Kumbe yule mama, kwa kusimama ukingoni miaka yote ile, alikuwa ameyajua makasia kuliko wengi waliolipwa kuyajua.

"Ungeshinda," akasema. "Baridi yote ya mwaka ule ulivuta vizuri kuliko wakati wowote, mimi nilikuona kila Jumapili. Wangekuchukua. Ungekwenda Olimpiki." Akamtazama usoni. "Ungeshinda, Abdulwakil."

Lilikuwa jina lake, na hakuwa amelisikia kwa yule mama tangu utotoni. Mume wangu alishuka kutoka kwenye kochi, mtu mzima wa miaka arubaini na mmoja, akapiga magoti kwenye zulia, akaweka uso mapajani mwa mama yake mkubwa, akalia. Alilia kwa sauti, mabega yakimpanda na kushuka, na Bi Zaituni akimpapasa kisogo na kumwambia maneno ambayo sikuyasikia.

Bi Hidaya alisimama, akanitafuta kwa mkono. Nikamshika, nikamtoa mpaka kwenye korido, nikarudisha mlango.

"Ndivyo anavyolia?" akaniuliza.

"Mama, mimi nimekaa naye miaka kumi na minne, leo ndiyo nimemwona."

Akaegemea ukuta, akasikiliza sauti za mle ndani. Nikadhani atataka nimrudishe, nikaweka mkono kwenye kitasa.

"Mwache alie huko huko," akasema. "Huko ndiko alikozoea kubembelezwa."